Mjamzito anayetapika: Dawa zipi salama, na hofu ilianzia wapi

WANAWAKE wajawazito wanaosumbuliwa na kichefuchefu hujikuta kati ya mashauri mawili yanayokinzana.

Upande mmoja wapo wanaowahimiza wavumilie, kwa kuwa eti dawa yoyote ile itamdhuru mtoto aliye tumboni. Upande wa pili yupo mwuzaji wa duka la dawa mtaani aliye tayari kuwafungia vidonge vichache katika karatasi bila kuuliza mimba ina umri gani.

Mashauri yote mawili ni ya hatari. Zipo dawa za kuzuia kutapika ambazo zimetumiwa na mamilioni ya wajawazito kwa zaidi ya nusu karne na kuchunguzwa kwa kina bila kuonekana kuwadhuru watoto. Zipo nyingine ambazo hutolewa kwa masharti. Na ipo moja ambayo, zaidi ya miaka 60 iliyopita, iliwafanya maelfu ya watoto wazaliwe na mikono na miguu isiyokamilika, na kivuli chake bado kinazitia shaka nyingine zote.

Mwanamke anayezifahamu tofauti hizo hana haja ya kuchagua kati ya kuteseka na kubahatisha.

SI UGONJWA WA ASUBUHI TU

Takriban wajawazito saba kati ya kila 10 hupatwa na kichefuchefu, wengine wakitapika pia. Kwa kawaida hali hiyo huanza mimba inapofikia wiki ya sita hivi, ikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Huzidi makali karibu na wiki ya tisa na ya 10, kisha ikaanza kupungua. Wengi huwa wamepata nafuu kati ya wiki ya 16 na ya 20.

Ingawa wengi huiita homa ya asubuhi, hali hiyo haichagui saa. Wapo wanaotapika adhuhuri, wapo wanaotapika usiku wa manane, na wapo wanaoshinda kutwa nzima wakiwa na kichefuchefu bila kutapika hata mara moja.

Kwa walio wengi, hii ni adha inayopita. Lakini kuna kundi dogo, linalokadiriwa kuwa kati ya wanawake watatu katika kila 1,000 na watatu katika kila 100, ambalo hupatwa na ugonjwa mzito wa kutapika kupindukia. Mwanamke wa kundi hili hushindwa kuhifadhi chakula wala maji tumboni. Hupoteza zaidi ya asilimia tano ya uzito wake, mwili hukaukiwa maji, na viwango vya chumvi katika damu huvurugika.

Asipotibiwa, anaweza kupungukiwa na vitamini B1 kiasi cha kudhurika ubongo. Damu yake huweza kuganda katika mishipa kwa sababu ya kulala muda mrefu na kukosa maji. Mtoto naye huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Kabla ya madaktari kuanza kuwapa wagonjwa maji kupitia mishipa, ugonjwa huu uliua.

Ndiyo maana kauli kwamba salama ya mtoto ni mama kuvumilia haina msingi. Kutotibu nako ni uamuzi, na uamuzi huo una madhara yake.

CHANZO CHAGUNDULIWA

Kwa miaka mingi, wanawake waliotapika kupita kiasi walidhaniwa kuwa wanadeka, wana matatizo ya akili, au hawaitaki mimba. Dhana hiyo ilipata pigo kubwa mnamo Desemba 2023.

Katika utafiti uliochapishwa na jarida la kisayansi la Nature, wanasayansi wakiwemo Marlena Fejzo wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15.

Homoni hiyo huwa katika mwili wa kila binadamu kwa kiasi kidogo. Mimba inapotunga, kijusi na kondo la nyuma huizalisha kwa wingi na kuimimina katika damu ya mama, nayo hugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu.

Utafiti huo ulionyesha kwamba mwanamke aliyekuwa na kiwango cha chini cha homoni hiyo kabla ya kushika mimba ndiye huathirika zaidi inapoongezeka ghafla, kwa kuwa mwili wake haukuizoea. Kinyume chake, wanawake wenye aina fulani ya ugonjwa wa damu unaowafanya waishi na kiwango kikubwa cha homoni hiyo miaka yote, huripoti kichefuchefu kidogo wanapopata ujauzito.

Kwa maneno mengine, anayetapika hadi kuishiwa nguvu ana ugonjwa wa mwili, na anastahili tiba kama mgonjwa mwingine yeyote.

DAWA ILIYOLETA MSIBA

Hofu ya dawa miongoni mwa wajawazito haikuzuka hivi hivi. Oktoba 1957, kampuni ya Chemie Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, kwa jina la kibiashara Contergan. Dawa hiyo ilisifiwa kuwa isiyo na madhara, na nchini humo iliuzwa hata bila cheti cha daktari. Punde ikagunduliwa kwamba inatuliza pia kichefuchefu, na wajawazito wakaanza kuitumia katika nchi kadhaa.

Madaktari walianza kuona watoto wakizaliwa na mikono mifupi mno, viganja vikiwa vimeota karibu na bega, na wengine wakikosa miguu, masikio au sehemu za matumbo. Mwishoni mwa mwaka 1961, daktari wa watoto Widukind Lenz wa Hamburg na daktari wa uzazi William McBride wa Sydney, Australia, kila mmoja kwa upande wake, walitangaza kuwa wanaishuku thalidomaidi. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ujerumani Magharibi mnamo Novemba mwaka huo, na Uingereza mnamo Desemba.

Inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto 10,000 duniani walizaliwa na ulemavu kutokana nayo. Wengi hawakuishi.

Nchini Marekani, hali ilikuwa tofauti kwa sababu ya mtu mmoja. Frances Kelsey, daktari aliyekuwa ameajiriwa mwaka 1960 na Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, alikabidhiwa ombi la kampuni ya Richardson-Merrell iliyotaka kibali cha kuiuza. Alikataa kuidhinisha akisema ushahidi wa usalama wake haukutosha. Kampuni ilimshinikiza kwa barua na simu, naye akazidi kudai takwimu, hadi habari za Ulaya zilipofichuka. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alimtuza nishani, na mwaka huo huo bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzilazimu kampuni zithibitishe kwamba dawa zao zinafanya kazi, juu ya kuwa salama, kabla ya kuziuza.

Aidha, msiba huo ndio uliolifanya Shirika la Afya Duniani, WHO, lianzishe mwaka 1968 mpango wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa. Kenya ilijiunga na mpango huo mwaka 2010.

KWA NINI WIKI CHACHE ZINA UZITO

Thalidomaidi iliwafundisha madaktari jambo ambalo hadi leo ndilo nguzo ya ushauri wote kuhusu dawa na mimba. Madhara hutegemea dawa yenyewe, kiasi kinachotumiwa na, zaidi ya yote, wakati.

Watoto wengi walioathirika ni wale ambao mama zao waliimeza kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi baada ya mimba kutunga. Hizo ndizo siku ambazo mikono, miguu, masikio na viungo vingine hujengeka. Kwa jumla, viungo vikuu huumbika kati ya wiki ya tatu na ya nane baada ya kutunga kwa mimba. Baada ya hapo, kazi kubwa inayobaki ni kukua na kukomaa, ingawa ubongo huendelea kujengeka hadi mwisho.

Hapa ndipo penye ugumu. Kichefuchefu huwa kikali katika majuma yale yale ambayo viungo vya mtoto vinaumbwa. Maumivu ya mgongo ya mwezi wa nane yanaweza kupewa dawa bila hofu ya viungo kuumbika vibaya. Kutapika kwa wiki ya saba hakuna nafasi hiyo, na ndiyo sababu dawa za kichefuchefu zimechunguzwa kuliko dawa nyingine nyingi za wajawazito.

DAWA SALAMA ILIYOPONZWA NA HOFU

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo inaeleza vyema yaliyoipata dawa iliyojulikana Marekani kama Bendectin na Uingereza kama Debendox.

Dawa hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1956. Ilikuwa mchanganyiko wa doksilamini, ambayo ni dawa ya kupunguza mzio na kuleta usingizi, na vitamini B6, ijulikanayo pia kama piridoksini. Hapo awali ilikuwa na kiungo cha tatu ambacho kiliondolewa mwaka 1976. Inakadiriwa kuwa wanawake milioni 33 waliitumia hadi mwaka 1983.

Kisha kesi zikaanza. Wazazi wa watoto waliozaliwa na kasoro walidai kwamba Bendectin ndiyo iliyosababisha. Ikumbukwe kwamba mtengenezaji wake alikuwa kampuni ile ile iliyotaka kuuza thalidomaidi Marekani, na umma haukuwa tayari kuiamini tena. Ingawa tafiti nyingi hazikuonyesha uhusiano wowote, na FDA haikuiamuru iondoke sokoni, kampuni ilichoshwa na gharama za kesi na bima. Mwaka 1983 ikaacha kuitengeneza.

Kilichofuata ni funzo kubwa. Iwapo dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalemaza watoto, idadi ya wanaozaliwa na kasoro ingeshuka baada ya kuondolewa. Haikushuka. Kilichobadilika ni kwamba wanawake waliolazwa hospitalini kwa ajili ya kutapika kupindukia waliongezeka.

Miongoni mwa waliotoa ushahidi dhidi ya dawa hiyo ni Dkt McBride, aliyekuwa shujaa wa kufichua thalidomaidi. Mwaka 1993 alifutwa katika orodha ya madaktari jimboni New South Wales, Australia, baada ya kupatikana na hatia ya kughushi matokeo ya utafiti aliowafanyia sungura kuhusu dawa nyingine. Mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotokana na Bendectin, iliwaagiza majaji wapime kwanza iwapo ushahidi wa mtaalamu una msingi wa kisayansi kabla ya kuuruhusu mbele ya mahakama.

Kanada haikuwahi kuacha kutumia mchanganyiko huo. Marekani nayo iliurejesha Aprili 2013, FDA ilipouidhinisha kwa jina jipya la Diclegis. Wanawake wa nchi hiyo walikuwa wamekaa miaka 30 bila dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa kichefuchefu cha ujauzito.

MAANA YA NENO 'SALAMA'

Msomaji anapaswa kufahamu kwamba hakuna daktari anayeweza kuahidi mimba isiyo na hatari yoyote. Kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa, wawili au watatu huwa na kasoro kubwa ya maumbile, hata kama mama hakumeza kidonge chochote.

Kwa hiyo mwanamke aliyetumia dawa na akajifungua mtoto mwenye kasoro hathibitishi kuwa dawa ndiyo chanzo, kama vile aliyetumia na kujifungua mtoto mzima hathibitishi kuwa dawa haina neno. Kinachohitajika ni kulinganisha maelfu ya waliotumia na maelfu ya wasiotumia, na kutazama iwapo kasoro zimezidi upande mmoja.

Dawa huitwa salama katika ujauzito pale ambapo ulinganisho wa namna hiyo umefanywa mara nyingi, kwa watu wengi, na tofauti ikakosekana.

DAWA MOJA MOJA

Kwa kipimo hicho, vitamini B6 peke yake au ikiwa pamoja na doksilamini ndiyo huanza katika miongozo mingi ya tiba. Madaktari wa uzazi wa Marekani na Kanada huiweka mstari wa mbele. Athari yake kubwa ni usingizi, hivyo anayeitumia hafai kuendesha gari au mashine. Vitamini hiyo nayo isimezwe ovyo, kwani ikizidi mno kwa muda mrefu huweza kudhuru mishipa ya fahamu.

Dawa nyingine za jamii ya kupunguza mzio, kama vile prometazini na saiklizini, zimetumiwa kwa miongo mingi na hazijahusishwa na kasoro za maumbile. Nazo huleta usingizi na ukavu wa kinywa. Zikitumiwa karibu na siku za kujifungua, mhudumu anapaswa kuarifiwa kwa sababu huweza kumfanya mtoto mchanga awe mlegevu.

Metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil, imechunguzwa kwa kina. Mwaka 2009, watafiti wa Israeli walichapisha matokeo ya wanawake 3,458 walioitumia katika miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2013, wenzao wa Denmark walichapisha matokeo ya wanawake 28,486. Katika tafiti zote mbili, kasoro za maumbile hazikuongezeka.

Hata hivyo, dawa hiyo inaweza kumdhuru mama mwenyewe. Baadhi ya watumiaji, hasa wanawake vijana, hupatwa na mkakamao wa misuli ya shingo, taya au macho kugeuka juu bila hiari. Ndiyo maana Shirika la Dawa la Ulaya liliagiza mwaka 2013 kwamba isitumiwe kwa zaidi ya siku tano mfululizo wala kuzidi miligramu 30 kwa siku. Anayeona dalili hizo aache dawa na arudi hospitalini mara moja. Hali hiyo hutibika.

Ondansetroni ndiyo iliyozua mjadala mkubwa zaidi katika miaka ya karibuni. Ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa kansa wanaotapika kwa sababu ya matibabu, na ilipoonekana kuwa na nguvu, madaktari wakaanza kuwapa wajawazito.

Mwaka 2018, utafiti uliohusu mimba milioni 1.8 nchini Marekani, 88,467 kati yake zikiwa za wanawake walioimeza katika miezi mitatu ya kwanza, ulipata kwamba haikuongeza kasoro za moyo. Lakini watoto wenye mdomo wa sungura au kaakaa lenye ufa walikuwa 14 katika kila 10,000 kwa waliotumia, ikilinganishwa na 11 katika kila 10,000 kwa wasiotumia.

Tofauti hiyo ni watoto watatu zaidi katika kila 10,000. Kwa takwimu hizo hizo, Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri mwaka 2019 kwamba isitumiwe katika miezi mitatu ya kwanza. Madaktari wa uzazi wa Uingereza waliona kwamba hatari ni ndogo mno kumnyima mgonjwa aliyezidiwa, wakaiweka katika kundi la pili, yaani itumiwe dawa za kwanza zikishindwa na baada ya mama kuelezwa.

Tofauti hiyo ya maoni isimtatanishe msomaji. Pande zote zinakubaliana juu ya idadi. Zinachotofautiana ni jinsi ya kupima watoto watatu katika 10,000 dhidi ya mama asiyeweza kumeza hata maji. Huo ni uzani unaopaswa kufanywa na mama mwenyewe akiwa na daktari wake.

Ondansetroni pia hufunga choo na kuumiza kichwa, na haifai kwa mwenye matatizo fulani ya mapigo ya moyo. Dawa za jamii ya steroidi huachwa ziwe za mwisho kabisa, na hutolewa hospitalini pekee.

Kuhusu thalidomaidi, haikutoweka duniani. Hutumiwa leo kutibu aina ya kansa ya uboho na matatizo yanayotokana na ukoma, chini ya masharti makali ya kuhakikisha kwamba mtumiaji hashiki mimba.

TANGAWIZI, ODOWA NA UDONGO

Si lazima tiba ianze na vidonge. Katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito, WHO lilipendekeza tangawizi na vitamini B6 miongoni mwa njia za kutuliza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Tangawizi husaidia wenye hali nyepesi. Haitoshi kwa anayetapika kupindukia, na kumwambia mgonjwa wa aina hiyo anywe chai ya tangawizi ni kumpotezea muda.

Kula kidogo kidogo mara nyingi husaidia kuliko kusubiri mlo mkubwa, kwa kuwa tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Wengi hupata nafuu wakila kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, na wakiepuka mafuta mengi na harufu zinazowachafua moyo. Maji nayo yanywewe funda moja moja.

Nchini Kenya, wajawazito wengi hutafuna odowa, yaani mawe laini yauzwayo masokoni, au udongo, wakisema hutuliza mate na kichefuchefu. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 ulipata kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito waliohojiwa walikuwa wakila udongo kwa kawaida.

Mazoea hayo hayana usalama unaodhaniwa. Udongo huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya sumu kama risasi, ambayo hupenya hadi kwa mtoto na kudhuru ubongo wake. Isitoshe, huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na mjamzito mwenye upungufu wa damu huingia leba akiwa hatarini. Hamu ya kula udongo huweza kuwa dalili ya upungufu huo, hivyo inafaa mhudumu wa kliniki aarifiwe ili apime damu.

Ni kinaya kwamba mwanamke anaweza kukataa kidonge kilichochunguzwa kwa watu maelfu, kisha akala jiwe ambalo hakuna aliyelipima. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa za mitishamba ambazo kiasi chake hakijulikani. Mmea nao una kemikali, na kemikali haiulizi iwapo imetoka kiwandani au shambani.

SI KILA KUTAPIKA NI KWA MIMBA

Kosa jingine ni kudhani kwamba kila mjamzito anayetapika anasumbuliwa na mimba tu. Katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, ambako malaria imeenea, kutapika kunakoandamana na homa, kutetemeka au maumivu ya viungo kunahitaji kipimo cha damu siku iyo hiyo. Malaria kwa mjamzito huweza kumuua yeye na mtoto.

Maambukizi katika njia ya mkojo, vidonda vya tumbo, kidole-tumbo na magonjwa ya ini pia huleta kutapika. Kichefuchefu kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 10 hivi kichunguzwe chanzo chake. Na mwanamke aliyepita wiki ya 20 akatapika huku kichwa kikimuuma sana, macho yakififia au akiwa na maumivu chini ya mbavu, huenda ana shinikizo la damu la ujauzito. Huyo hahitaji dawa ya kichefuchefu. Anahitaji kupimwa shinikizo na mkojo bila kuchelewa.

Vilevile, mwanamke anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, za kifua kikuu au za kifafa, na akawa anazitapika, asiziache kimya kimya. Amwarifu mhudumu wake ili apangiwe saa nyingine, arudie dozi inapobidi, au apewe cha kutuliza tumbo kwanza. Vidonge vya madini ya chuma navyo huwachafua wengine, na kuna njia ya kurekebisha muda na kiasi bila kuviacha kabisa.

LINI KUKIMBILIA HOSPITALI

Mjamzito asingoje siku ya kliniki iwapo ameshindwa kuhifadhi chakula au maji kwa saa 24, mkojo umepungua au kuwa wa rangi nzito, anaona kizunguzungu anaposimama, anatapika damu, ana homa au maumivu makali ya tumbo, au uzito wake unashuka. Huko atapewa maji kupitia mishipa, chumvi zilizopungua, vitamini B1 na dawa ya sindano ya kuzuia kutapika.

Katika hali isiyo ya dharura, ni haki yake kumuuliza mhudumu maswali matano kabla ya kupokea dawa. Dawa hii inaitwaje, mbali na jina la kampuni? Imetumiwa na wajawazito wa wiki kama zangu, na imeonekana vipi? Nitumie kiasi gani, kwa siku ngapi? Inaweza kunidhuru mimi vipi? Na nikikosa kuitumia, itakuwaje?

Dawa inunuliwe katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ikiwa katika pakiti yenye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vinavyomwagwa mkononi kutoka kwenye mkebe usio na maandishi havifai, hata vikiwa vya bei nafuu. Na mtumiaji anayeona madhara asiyoyatarajia, amweleze mhudumu ili taarifa ifike kwa bodi hiyo, ambayo hupokea ripoti za namna hiyo kutoka kote nchini.

Kwa aliyekwisha kumeza dawa ya kichefuchefu kabla ya kujua kwamba ana mimba, ushauri ni mmoja. Asiishi na hofu, na asichukue hatua yoyote kuhusu mimba hiyo kwa kusikiliza majirani. Aende kliniki na pakiti ya dawa mkononi, aeleze ni lini aliitumia na kwa siku ngapi. Mara nyingi, dawa alizotumia ni zile zile ambazo daktari mwenyewe angemwandikia.